Safari ya siku moja Ostia Antica: maswali ambayo wageni wa Roma huuliza kila mara

Naishi Roma, na kila mwaka napokea wageni kutoka nyumbani: masista na mapadri waliokuja masomoni, mahujaji, watu wa mikutano, ndugu waliokuja kumwona ndugu. Wengi huona Vatikani na Kolosseo, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi huwaomba wanipe siku moja tu niwapeleke Ostia Antica. Nimeulizwa maswali yaleyale mara nyingi mno, nikaona bora niyaandike na majibu yake, ili hata mtu asiye na mwenyeji aweze kwenda mwenyewe bila kuhangaika.

## Mambo ya mwanzo

Ostia Antica ni nini hasa?

Ni magofu ya mji wa bandari uliokuwa mlangoni mwa mto Tiber, mahali mto ulipokutana na bahari. Jina lenyewe linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mdomo, yaani mdomo wa mto. Mapokeo ya Warumi yanasema mji ulianzishwa na mfalme Ancus Marcius katika karne ya 7 kabla ya Kristo, lakini kuta za zamani zaidi zilizofukuliwa ni za ngome ya karne ya 4 kabla ya Kristo.

Roma ilikuwa na watu wengi ambao mashamba yake hayakuweza kuwalisha. Ngano ilitoka Misri na Afrika Kaskazini, mafuta ya zeituni na divai vilitoka kila pembe ya Mediterania, na vyote vilipita hapa. Karne ya 2 baada ya Kristo, mji ulipokuwa kwenye kilele chake, inakadiriwa kuwa na wakazi wapatao 50,000: wapagazi, mabaharia, madobi, waoka mikate, makarani wa ghala, zimamoto. Hao ndio utakaowatembelea. Kolosseo hukuonyesha walivyojifurahisha wakubwa. Hapa unaona watu wa kawaida walivyopata riziki yao.

Kwa nini niende Ostia wakati kila mtu anataja Pompeii?

Pompeii ni ya ajabu, sitaki kumvunja moyo mtu. Lakini kutoka Roma unapanda treni ya kasi hadi Napoli, mwendo wa saa moja na kitu, kisha treni nyingine ndogo kama dakika 40 zaidi. Ukijumlisha kusubiri na kutembea, kwenda tu ni zaidi ya saa mbili, na kurudi vilevile. Siku hizi pia Pompeii wameweka ukomo wa wageni 20,000 kwa siku, na tiketi huandikwa jina, kwa hiyo huwezi kuamka tu asubuhi ukaenda. Ostia iko kama nusu saa kwa treni ya mjini.

Tofauti nyingine ni ya kihistoria. Pompeii ilizikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, ikaganda ilivyokuwa siku hiyo. Ostia iliendelea kuishi karne kadhaa baadaye, ikajengwa kwa matofali ya kuchoma, ikapanda juu. Utaona nyumba za ghorofa, maduka chini na vyumba vya kupanga juu. Aliyewahi kupanga Kariakoo au Eastleigh atauelewa mji huu bila kuelezwa sana.

Kama ulikuwa bandari, mbona bahari haionekani?

Imerudi nyuma. Kwa karne nyingi Tiber umeshusha tope na mchanga hadi pwani ikasogea, na leo bahari iko kilomita 3 hivi kutoka mjini. Hata mto wenyewe ulihama: mafuriko makubwa ya mwaka 1557 yaliukatia njia mpya. Ndiyo maana mgeni husimama kwenye lango lililoitwa Porta Marina, lango la baharini, akatazama mbele na kuona nyasi na barabara.

Mji ulikufaje?

Polepole. Tayari katika karne ya 1 mfalme Klaudio aliona mdomo wa mto hautoshi kwa meli kubwa, akaanza kujenga bandari mpya, Portus, kilomita chache kaskazini, mwaka 42. Baadaye Trajano akaongeza bwawa la pembe sita ambalo lipo mpaka leo. Kwa muda mrefu Ostia ilinufaika na bandari hiyo, kisha biashara ikahamia huko moja kwa moja. Dola ilipodhoofika, uvamizi ukazidi, mifereji ikaziba, maji yakatuama na malaria ikaingia. Neno lenyewe malaria ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya, kwa kuwa watu walidhani ugonjwa unatoka kwenye harufu ya vinamasi kama vya hapa. Karne ya 9 Papa Gregori IV alijenga kijiji chenye ukuta pembeni, na walionusurika wakahamia humo. Marumaru ya majumba ilibebwa ikajengewa kwingine, au ikachomwa kupata chokaa.

Vinamasi vilikaushwa kuanzia mwaka 1884 na vibarua waliotoka mkoa wa Romagna, wengi wao wakiuawa na homa hiyohiyo. Barabara unayoivuka kabla ya kufika langoni inaitwa Viale dei Romagnoli kwa kumbukumbu yao. Mimi hupenda kusimama hapo kidogo. Sisi tunaojua malaria inavyochukua watu tuna sababu ya kuwakumbuka.

## Kupanga siku

Nifikeje kutoka katikati ya Roma?

Panda metro ya mstari B, shuka Piramide. Ukiwa hapohapo fuata vibao vya kituo cha Porta San Paolo, ambacho kimeungana na kile cha metro. Treni zote za hapo zinaelekea baharini; panda yoyote inayosimama Ostia Antica. Mwendo ni dakika 25 hadi 30. Tiketi ya kawaida ya usafiri wa jijini, ile ya dakika 100, inatosha safari nzima ya kwenda. Nunua na ya kurudi kabisa, usije ukahangaika kituoni jioni.

Angalia jina la kituo. Kuna Ostia Antica, na mbele yake kuna vituo vya Lido, vya mji wa kisasa wa ufukweni. Wageni wengi husikia Ostia wakashuka Lido, kisha wakashangaa kuona miavuli na watu wanaoota jua.

Ukishuka Ostia Antica, vuka daraja la waenda kwa miguu lililo juu ya barabara kuu, nyoosha moja kwa moja, na ndani ya dakika 10 uko langoni.

Treni ni za kutegemewa?

Njia hii huchelewa, na siku nyingine treni huwa chache. Usipange miadi ya lazima mara baada ya kurudi. Kama siku hiyo kuna mgomo, soma swali la migomo huko chini.

Tiketi ya kuingia ni bei gani, na nani huingia bure?

Miaka ya karibuni imekuwa euro 18 kwa mtu mzima. Bei hubadilika, basi ihakikishe kwenye tovuti rasmi ya hifadhi ya Ostia Antica kabla ya kuondoka. Watoto na vijana walio chini ya miaka 18 huingia bure bila kujali uraia, ila wabebe pasipoti au kitambulisho. Vijana wa miaka 18 hadi 25 wenye uraia wa nchi za Umoja wa Ulaya hulipa euro 2. Mwanafunzi wa Kitanzania au Mkenya mwenye umri huohuo hulipa bei nzima, hata akionyesha kadi ya chuo. Najua inauma.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa kila mtu. Kama bajeti imebana, panga siku hiyo, ila fika mapema.

Ni lazima kununua tiketi mapema mtandaoni?

Siku za kawaida si lazima. Mji ni mkubwa na wageni wake ni wachache ukilinganisha na Kolosseo.

Siku gani na saa ngapi?

Jumatatu pamefungwa, hili ndilo kosa namba moja. Pia tarehe 25 Desemba na 1 Januari. Lango hufunguliwa saa 2:30 asubuhi. Saa ya kufunga hufuata jua: majira ya baridi hufungwa mapema, karibu saa 10:30 jioni, na majira ya joto huendelea hadi karibu saa 1 usiku. Mwisho wa kuingia ni saa moja kabla.

Mimi hutoka Roma saa 2 kamili asubuhi, kwa hiyo saa 3 tuko ndani. Tunatembea hadi saa 7 mchana, tunakula, na anayetaka hurudi ndani tena kwa saa moja au mbili. Chini ya saa nne usiseme umeuona mji.

Mwezi wa nne na wa tano, au wa kumi, hali ya hewa ni nzuri kabisa. Julai na Agosti joto hufika nyuzi 35, na watu wetu hudhani hawawezi kuumizwa na jua kwa kuwa wamezaliwa nalo. Nimewahi kumkalisha mama mmoja chini ya msonobari kwa nusu saa nzima, kizunguzungu kimemshika, kisa alikataa kofia. Misonobari mirefu yenye umbo la mwavuli ipo kwa wingi, lakini barabara kuu yenyewe ina jua kali.

Nivae nini, nibebe nini?

Viatu vya kufunga vyenye soli nene. Barabara zimetandikwa mabamba ya mawe meusi ya volkano, yamepinda, yana nafasi katikati, na yakilowa yanateleza. Kandambili na viatu vya kisigino uviache Roma. Beba chupa ya maji, kofia, na dawa ya mbu kama utakaa hadi jioni. Vibao vya maelezo ni vya Kiitaliano na Kiingereza.

Tutakula wapi?

Nje ya lango, kwenye kijiji kidogo chini ya kasri, kuna migahawa michache ya kukaa. Wenye kubana matumizi wabebe mikate kutoka Roma. Kula kwenye benchi, na usifanye kuta za kale kuwa meza.

Je, nahitaji mtu wa kuniongoza?

Si lazima, lakini usiingie mikono mitupu. Mji hauna maelezo kila kona, na asiyejua anachotafuta huona matofali, matofali, matofali, akachoka baada ya saa moja. Chukua ramani langoni, na usome sehemu inayofuata kabla ya kufika.

## Ndani ya mji: nini cha kutazama

Nikiwa na saa nne tu, nifuate njia gani?

Fuata barabara kuu, Decumanus Maximus, kutoka lango la Porta Romana. Kabla ya lango utapita makaburi, kwa kuwa Warumi hawakuzika ndani ya mji.

Mkono wa kulia utafika kwenye hamamu ya Neptuno. Usipite chini tu. Panda ngazi, ukiwa juu utazame mozaiki, yaani picha ya vijiwe sakafuni, nyeusi na nyeupe: mungu wa bahari akivutwa na farasi wenye mikia ya samaki, na pembeni yake watu waliopanda viumbe wa baharini. Nyuma yake iko kambi ya zimamoto, ambao kazi yao ilikuwa kulinda maghala ya ngano yasiungue. Hapo jirani, kwenye kona, tafuta sakafu ya mgahawa wa mtu aliyeitwa Fortunatus. Imeandikwa kwa vijiwe ikimwambia mgeni kwamba kama ana kiu, anywe divai. Tangazo la biashara, na bado linasomeka.

Kisha ukumbi wa maigizo, na nyuma yake uwanja wa ofisi za wafanyabiashara. Huo nimeupa swali lake peke yake.

Baada ya hapo kata kulia uingie mtaa wa Diana. Hapa kuna mawe makubwa ya kusagia unga yaliyozungushwa na wanyama, ndani ya jengo la waoka mikate. Mbele yake kuna jengo la ghorofa, na mkabala nalo mgahawa mdogo wenye kaunta ya marumaru, beseni la kuoshea vyombo, rafu, na ukutani picha ya vyakula vilivyouzwa. Benchi la wateja lipo nje mlangoni. Kila mgeni ninayemleta hukaa pale bila kuambiwa, na mara nyingi ndipo mahali mtu ananiambia kwamba sasa ameuona mji.

Endelea hadi uwanja mkuu wenye hekalu la Capitolium, ambalo bado limesimama refu na ngazi zake. Kwenye uwanja huo pia kuna hamamu kubwa, na jirani yake choo cha umma: mabenchi ya marumaru yenye matundu mfululizo, mtu na jirani yake, bila kizuizi chochote katikati. Watoto hawataki kuondoka hapo.

Mbele ya uwanja barabara inagawanyika. Kwenye njia panda kuna duka la samaki lenye meza ya marumaru, na sakafuni mozaiki ya pomboo aking'ata pweza, pamoja na maneno ya Kilatini: INBIDE CALCO TE. Maana yake, ewe mwenye husuda, nakukanyaga. Dada mmoja wa Mombasa alipotafsiriwa alisema papo hapo kwamba hilo ni jina la kanga. Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi.

Ukichukua njia ya kulia utakuta ghala la Epagathus na Epaphroditus, watu wawili waliowahi kuwa watumwa wakaachwa huru, wakatajirika, wakaandika majina yao juu ya mlango. Mbele kidogo iko nyumba ya Amore na Psiche, ya karne ya 4, yenye sakafu za marumaru za rangi. Ukichukua ya kushoto utafika Porta Marina, na baada ya mwendo mwingine wa dakika kumi hivi, sinagogi.

Ule uwanja wa ofisi nyuma ya ukumbi wa maigizo una nini?

Kama miguu inauma na una nguvu za kuona kitu kimoja tu, kaone huu. Waitaliano wanauita Piazzale delle Corporazioni. Ni uwanja wa mraba wenye vyumba vidogo karibu 60 pande tatu, na mbele ya vyumba kuna mozaiki sakafuni. Zinasema wenye ofisi walikuwa nani na walitoka wapi: meli, pomboo, vipimo vya nafaka, mnara wa taa wa bandarini, na majina ya miji. Wapo wa Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, wapo wa Narbonne iliyoko Ufaransa ya leo.

Na wapo wengi wa Afrika. Karthago. Hippo Diarrhytus, ambayo sasa ni Bizerte nchini Tunisia. Sullecthum, na meli zake mbili. Sabratha ya Libya, ambao alama yao ni tembo. Mwafrika anayeingia uwanja huu hana haja ya kutafuta kwa tochi mahali pa kwao katika historia ya Roma. Pamechorwa sakafuni.

Nenda taratibu, soma kimoja kimoja, na usikanyage. Majira ya baridi baadhi ya mozaiki hufunikwa ili baridi isizipasue.

Ukumbi wa maigizo wenyewe ni wa zamani kweli au umejengwa upya?

Vyote viwili. Ulianza siku za Agrippa, mwishoni mwa karne ya 1 kabla ya Kristo, ukapanuliwa hadi kuchukua watu 3,000 au zaidi, na ngazi unazozikalia leo zimekarabatiwa sana katika karne ya 20. Maandishi ya upanuzi huo, ya mwaka 196, yanamtaja mfalme Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo. Majira ya joto bado kuna maonyesho usiku.

Kuna uhusiano wowote na pwani yetu ya Afrika Mashariki?

Miji iliyotajwa kwenye mozaiki ni ya Afrika Kaskazini, na ni vizuri kutoongeza chumvi. Lakini uhusiano wa kweli upo. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus wa Bahari ya Erithrea, kinaeleza pwani iliyoitwa Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, ambalo wanazuoni wengi huliweka pwani ya Tanzania. Kutoka huko zilinunuliwa pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Bidhaa za njia hiyo zilipanda Bahari ya Shamu, zikavuka hadi mto Nile, zikafika Alexandria, na kutoka Alexandria meli zilielekea Italia.

Aliyewahi kutembea Kilwa Kisiwani au Gede atahisi jambo jingine pia: ule ukimya wa mji wa biashara ambao wafanyabiashara wameondoka, visima vipo, kuta zipo, miti imeota ndani ya nyumba. Mimi niliona Kilwa kwanza, na nilipoingia Ostia nilijua namna ya kutembea.

Nguo zilifuliwaje? Nimesikia walitumia mkojo.

Ni kweli. Madobi wa Kirumi walitumia mkojo uliochacha kwa sababu una amonia, inayotoa mafuta kwenye sufu. Wafanyakazi walikanyaga nguo kwa miguu ndani ya mabeseni, na mabeseni hayo yapo kwenye karakana za mjini. Ilikuwa kazi ngumu, na wengi waliokanyaga walikuwa watumwa.

## Dini na hija

Ni kweli Mtakatifu Monika alifia hapa?

Ndiyo, mwaka 387. Monika na mwanawe Augustino walikuwa njiani kurudi kwao Afrika, Thagaste, katika Algeria ya leo. Augustino alikuwa amebatizwa Milano Pasaka ya mwaka huohuo, baada ya mama kumlilia kwa miaka mingi. Walikuwa Ostia wakipumzika na kusubiri chombo. Katika Maungamo yake, kitabu cha tisa, Augustino anasimulia walivyosimama wawili kwenye dirisha lililotazama bustani ya ndani, wakazungumza juu ya uzima wa milele. Siku chache baadaye Monika akashikwa na homa. Ndugu mwingine wa Augustino alisikitika kwamba mama atafia ugenini. Mama akasema mwili wauzike popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Alikuwa na miaka 55, mwanawe 32.

Dirisha hilo halijulikani lilikuwa nyumba gani, kwa hiyo usisumbuke kulitafuta kwenye magofu. Nenda nje ya lango, kijijini, kwenye kanisa la Sant'Aurea. Mwaka 1945 vijana waliokuwa wakichimba shimo kwenye uwanja wa jirani walikuta kipande cha jiwe la kaburi lake, na sasa kipo ndani ya kanisa hilo. Masalia yake yalihamishwa zamani kwenda Roma. Yako katika kanisa la Sant'Agostino, karibu na Piazza Navona. Anayehiji kwa ajili ya Monika aone vyote viwili siku ileile: asubuhi Ostia, jioni Sant'Agostino.

Nimewaona akina mama wazee kutoka vijijini wakisimama mbele ya jiwe lile bila neno. Wengi wana watoto walioko mbali. Nisingependa mtu awaharakishe hapo kwa sababu ya ratiba ya basi.

Kuna sehemu nyingine za ibada?

Nyingi, kwa kuwa mabaharia huja na Mungu wao. Kuna hekalu la Serapis wa Misri, lililowekwa wakfu Januari 127. Kuna vyumba vya chini vya waabudu wa mungu Mithras karibu ishirini. Kuna sinagogi nje ya Porta Marina, mojawapo ya masinagogi ya zamani zaidi Ulaya Magharibi, lililogunduliwa miaka ya 1961 na 1962 wakati wa kujenga barabara ya uwanja wa ndege wa Fiumicino. Tafuta jiwe la juu ya nguzo lililochongwa kinara cha matawi saba. Ni mbali kidogo na wageni wengi hawafiki, kwa hiyo utakuwa peke yako.

Kasri lililo kijijini ni la Warumi?

Hapana. Lilijengwa miaka ya 1483 hadi 1486 na kardinali Giuliano della Rovere, ambaye baadaye alikuwa Papa Julius II.

## Hali za pekee

Nahitaji visa gani?

Hakuna ya Ostia peke yake. Pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Oman zinahitaji visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kuingia Italia. Anayeishi Uingereza akumbuke kwamba kibali cha ukaazi cha huko hakimfungulii Schengen.

Nina saa kadhaa za kusubiri ndege Fiumicino. Naweza kuchungulia?

Kwenye ramani ni karibu sana, na ndiyo inayowadanganya watu. Kwanza, kutoka uwanjani unahitaji visa, kama nilivyosema kwenye swali lililotangulia. Pili, treni ya uwanja wa ndege inakupeleka Roma, si Ostia. Njia fupi ni basi la kwenda Lido kisha treni ya kurudi nyuma hadi Ostia Antica, au teksi. Ukiwa na chini ya saa saba kati ya ndege na ndege, kaa uwanjani. Mizigo mikubwa usije nayo magofuni kabisa.

Siku yangu imeangukia mgomo wa usafiri. Nifanyeje?

Tazama tangazo lenye neno sciopero. Mara nyingi huwa Ijumaa. Mjini Roma, siku ya mgomo, huduma hutolewa tangu alfajiri hadi saa 2:30 asubuhi, kisha kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Mwenye moyo anaweza kwenda na treni ya alfajiri na kurudi jioni, akashinda siku nzima Ostia. Mwenye watoto wadogo au mzee abadilishe siku.

Naweza kwenda na mzee au mtu wa kiti cha magurudumu?

Mzee anayetembea polepole, ndiyo, na fimbo yake. Kiti cha magurudumu kinapata shida kubwa kwenye mabamba ya barabara kuu, kwa sababu niliyoieleza kwenye swali la viatu. Lenga ukumbi wa maigizo na uwanja wa ofisi, ambavyo haviko mbali sana na lango, na uwe na mtu wa pili wa kusaidia kusukuma. Sehemu zenye ngazi ziacheni.

Na watoto?

Ni mahali pazuri kuliko makumbusho yote ya Roma, kwa kuwa wanaweza kukimbia. Wape kazi: tafuta tembo, tafuta pomboo, tafuta choo. Washike mkono karibu na visima na ngazi zisizo na kingo.

Nimeokota kipande kidogo cha kigae. Naweza kubaki nacho?

Rudisha ulipokitoa. Ni kosa kisheria nchini Italia, na uwanja wa ndege wanakagua. Zaidi ya sheria, tunajua sisi wenyewe vigae vya Kichina vilivyobanduliwa kwenye makaburi ya pwani yetu viliacha matundu gani.

Mvua ikinyesha?

Ikiwa ni manyunyu, nenda; rangi za mozaiki hung'aa zikilowa. Ikiwa ni mvua kubwa, ahirisha, kwa sababu pa kujikinga ni pachache.

Naweza kuunganisha na bahari siku hiyohiyo?

Ndiyo. Ukitoka magofuni panda treni ileile kuelekea mbele badala ya kurudi Roma, na kwa dakika chache uko Lido. Mchanga wake ni mweusi mweusi, maji si ya Paje wala Diani, lakini baada ya saa tano juu ya mawe, miguu haichagui.